Sura ya Sita: Boma la Bukoba na Njia ya Karagwe

Boma la Bukoba halikujengwa ili lipigane. Asiyelijua hilo ataiona historia yake kama kichekesho: ngome ya ufukweni ambayo vita vilipoifikia havikuikuta tayari, iliyolipuliwa na maadui kisha wenyewe wakaihama mwaka uliofuata, na mji uliokua ubavuni mwake ukaja kupigwa mabomu ya ndege mara mbili ndani ya miaka sita. Ilijengwa ili ionekane. Bendera ipepee, mtumbwi unaotoka kaskazini uione, msafara unaotoka bara uione, na kila Mukama, mfalme wa nchi yake, ajue kwamba kuanzia siku hiyo kuna mtu mwingine wa kuulizwa kabla ya kuanzisha jambo.

Msomaji wa Kayanga au Murongo ana haki ya kuuliza: kitabu cha Karagwe na Kyerwa kinatafuta nini kwenye mchanga wa Ziwa Viktoria? Jibu ni kwamba huwezi kueleza jinsi Karagwe ilivyopoteza nafasi yake, kutoka nchi ambayo misafara ilikuwa lazima ipite hadi wilaya ya mpakani ambayo gari la abiria hufika mwisho likageuza, bila kuitaja ngome hiyo ndogo. Na huwezi kueleza kwa nini vita vya eneo hili vimekuwa vikirudi mahali pale pale, kwenye bonde la mto Kagera, bila kuuliza ngome ile iliwekwa kulinda nini.

Tuanze kabla haijakuwapo.

Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara aliyetoka Tabora kwenda Buganda hakuwa na njia nyingi. Alipanda kupitia Usui, akaingia Karagwe, akavuka Kagera, ndipo akaishika nchi ya Kabaka. Bweranyange, makao ya Wahinda, ukoo wa kifalme wa Karagwe, yalikuwa juu ya njia hiyo. Si mbali na hapo, Kafuro, Waarabu na Waswahili walijenga nyumba zao na maghala yao: merikani, shanga na nyaya za shaba zikienda, pembe za ndovu zikirudi. Wageni hao hawakuwa watazamaji tu. Mukama Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850 na wanawe wakagombania kiti, Rumanyika alimshinda ndugu yake Rogero kwa msaada wa bunduki za wafanyabiashara, na Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na biashara kubwa Tabora, alikuwa na mkono katika jambo hilo. Kwa hiyo Rumanyika Orugundu, ambaye wageni wote walimsifu kwa upole, aliujua vizuri uzito wa bunduki kabla hajamwona Mzungu yeyote.

Mzungu wa kwanza alimjia Novemba 1861. John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika wamechoka, wamekwisha kukamuliwa hongo na kila mtemi njiani, wakashangaa kupokewa na Mukama asiyewadai kitu. Grant aliumwa mguu vibaya, akabaki Karagwe miezi kadhaa baada ya mwenzake kutangulia Buganda. Henry Morton Stanley alipokuja 1876 alimkuta Rumanyika bado yuko hai, na akaonyeshwa hazina ya ufalme: ng'ombe wadogo wa chuma, mikuki ya shaba, vitu vya kifalme ambavyo ufundi wake hadi leo unawasumbua wataalamu. Karagwe haikuwa na ngome. Haikuihitaji. Nguvu yake ilikuwa kukaa juu ya njia, kujua nani anapita, na kuamua nani asubiri.

Lakini hata wakati huo njia ilikuwa imeanza kuhama. Kabaka Mutesa alikuwa na mitumbwi mingi, na kuanzia miaka ya 1870 wafanyabiashara waligundua kwamba kutoka kusini mwa ziwa hadi Buganda kwa maji ni rahisi kuliko kupanda milima ya Karagwe na mizigo kichwani. Tusiwabebeshe Wajerumani lawama yote. Wao waliupigilia msumari wa mwisho mlango uliokwisha kuanza kufungwa.

Mtu aliyeushika huo msumari alikuwa wa ajabu. Emin Pasha alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Silesia, akasomea udaktari, akaenda Uturuki, akabadili jina, akaishia kuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Wafuasi wa Mahdi walipomfungia njia ya kaskazini, Stanley alitumwa kumwokoa, na mwaka 1889 msafara wao mrefu wa wagonjwa, wanawake, watoto na askari wa Kisudani ulikatiza Karagwe ukielekea Bagamoyo. Ndagara wa pili ndiye aliyekuwa kitini. Emin, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali hata kidogo na ambaye alijali ngozi za ndege kuliko vyeo, aliipita nchi hii akiwa kama mateka wa mwokozi wake. Usiku wa karamu ya kuwasili Bagamoyo alitoka dirishani akidhani ni baraza, akaanguka, akapasuka kichwa. Alipopona, aliwashangaza Waingereza kwa kuingia kazini kwa Wajerumani.

Aprili 1890 alianza tena safari ya bara, safari hii na bendera ya Ujerumani, akiwa pamoja na Dk. Franz Stuhlmann na Luteni Wilhelm Langheld. Kazi aliyopewa ilikuwa kutwaa nchi za kando ya ziwa kabla Waingereza hawajazitwaa, na moyoni alikuwa na ndoto ya kufika mbali zaidi, hadi Ziwa Albert alikokuwa zamani. Akiwa bado njiani, tarehe 1 Julai 1890, wakubwa wa Berlin na London walitia saini mkataba wa Heligoland. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Uingereza ilipata Uganda na Zanzibar. Na magharibi mwa ziwa mpaka ukachorwa juu ya ramani kwa kufuata nyuzi moja kusini ya Ikweta. Hakuna hata mmoja kati ya waliotia saini aliyekuwa amewahi kuliona bonde la Kagera. Mto huo hupinda, hupanda, hushuka; mstari hauna habari na mto. Matokeo yake, kipande cha nchi cha kilomita za mraba zipatazo 1,800 kikabaki kaskazini ya mto lakini kusini ya mstari. Ndiko Missenyi ya leo. Kipande hicho tutakirudia, kwa kuwa kuna mtu mwingine aliyekirudia kwa vifaru.

Novemba 1890 Emin alishuka Bukoba, akapewa mahali katika nchi ya Mukama Mukotani, na ujenzi ukaanza. Palikuwa uwanda wa mchanga na matope, mto Kanoni upande mmoja, kisiwa cha Musira mbele, na nyuma yake ukuta wa vilima vyenye migomba. Mtu yeyote aliyewahi kuamuru jeshi angekuambia kwamba ngome isiwekwe bondeni chini ya vilima. Anayeshika vilima ameshika boma. Lakini Emin hakuwa akiwaza mizinga. Aliwaza mwalo wa kufungia mitumbwi, maji ya kunywa, chakula cha karibu, na umbali kutoka kwenye mstari mpya wa mpaka: kama kilomita 40 kwa kwenda moja kwa moja. Majirani aliowahofia walikuwa na mikuki na bunduki chache za magobori. Kwa hao, uzio na bunduki za askari wake vilitosha.

Yeye mwenyewe hakukaa. Februari 1891 aliondoka kupitia Karagwe kuelekea magharibi, kinyume cha amri alizopewa, akavuka hadi misitu ya Kongo, na Oktoba 1892 akauawa huko. Bukoba alimwachia Langheld. Hivyo mwasisi wa boma aliishi ndani yake miezi mitatu tu, na mara ya mwisho Karagwe ilipomwona alikuwa akilipa boma lake kisogo.

Miaka ile ya mwanzo ndiyo iliyoivunja Karagwe, na hakukuwa na vita. Sotoka iliua ng'ombe kwa kundi zima. Ndui ilifuata, kisha funza, wale wa kuingia kwenye vidole, waliofika kutoka magharibi na kuwaacha watu hawawezi kutembea kwenda shamba. Ndagara akafariki 1893 na mrithi wake, Kanyorozi, alikuwa bado mtoto. Nchi iliyokuwa ikihesabu nguvu yake kwa ng'ombe ikabaki na mazizi matupu, vichaka vikapanda, wanyama wa porini wakarudi. Msomaji anayetembelea leo hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019, aangalie vizuri: sehemu ya pori lile si pori la tangu na tangu. Palikuwa na watu.

Wakati huo huo boma la ufukweni lilikuwa likipanda. Buganda ilipowaka moto Januari 1892, Wakatoliki waliposhindwa pale Mengo na bunduki za Kapteni Lugard, mapadre wa White Fathers na waumini wao walivuka mpaka kuingia Kiziba, na kutoka hapo ikazaliwa misheni ya Kashozi. Mwaka 1897 Kabaka Mwanga aliasi, akapigwa Buddu, akakimbilia upande wa Wajerumani. Walimshika wakampeleka Mwanza, naye akatoroka baadaye. Katika misukosuko yote hiyo, ngome ilifanya kazi ileile: ilisimama, ikapokea wakimbizi, ikaandika barua. Risasi zilipigwa kaskazini ya mstari. Mstari ule, kwa muda, ulifanya kazi.

Ndani ya nchi boma lilitawala kwa mkono wa Bakama wenyewe. Kuanzia 1906 Bukoba ikawa na Residenti, kama Rwanda na Burundi, na kwa miaka mingi cheo hicho kilishikwa na von Stuemer. Mukama aliyekubali alipewa nchi zaidi na askari wa kumsindikiza. Kahigi wa Kianja alijua mchezo huo kuliko wote na alikuwa hadi kifo chake rafiki mkubwa wa boma. Mukama aliyesita alipunguzwa. Karagwe, yenye kiti kinachoshikiliwa na wasimamizi na hazina isiyo na ng'ombe, haikuwa na cha kupatia upendeleo. Nchi ambayo zamani wageni walikaa wiki nzima wakingoja ruhusa ya Mukama, sasa wazee wake ndio walioteremka siku kadhaa kwa miguu kwenda kungoja mlangoni pa mgeni.

Kilichomaliza kabisa ushindani ni reli, tena si ya Wajerumani. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu. Meli za Waingereza zikaanza kuzunguka ziwa, na Bukoba ikawa bandari. Ngozi za ng'ombe zikashuka, kisha kahawa. Wahaya na Wanyambo walikuwa na kahawa yao tangu zamani, iliyochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutafunwa, ile ya kumkaribisha mgeni na ya kufungia udugu wa damu, na kuipanda kulihitaji idhini ya Mukama. Sasa ikawa zao la gunia. Maduka ya Wahindi yakaota kando ya boma. Jengo la Duka Kubwa ni kumbukumbu ya zama hizo. Njia ya Kafuro ikafa kabisa. Mzigo wa Karagwe, kama upo, ulikwenda mashariki ziwani, haukupita tena kusini Tabora.

Hapo kuna kejeli ambayo wanahistoria wa vita huipita haraka mno. Ngome ya Ujerumani iliishi kwa reli ya Mwingereza. Kila gunia lililopita mwaloni pale liliishia Mombasa. Agosti 1914 vita vilipotangazwa, Bukoba ilikatika siku hiyo hiyo na dunia, na kamba pekee iliyobaki ilikuwa mnara wa simu ya upepo uliosimama karibu na boma, mrefu kuliko kitu chochote ambacho mtu wa nchi hii alikuwa amekiona kimejengwa. Kwa mnara huo Bukoba iliongea na Mwanza. Ndio uliowaleta Waingereza.

Walikuwa wanahitaji ushindi, wowote. Novemba 1914 walikuwa wamepigwa Tanga na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck, kipigo cha aibu ambacho hadi leo hufundishwa katika vyuo vya kijeshi. Nusu ya kwanza ya mwaka 1915 ilipita bila jambo la kujivunia. Bukoba ilifaa: iko ziwani, meli ziko Kisumu, mnara uko pale, na wanajeshi wengi wa Kijerumani wa upande huu walikuwa wametandazwa kwenye mstari wa Kagera, macho yao Uganda. Brigedia Jenerali Stewart alipewa zaidi ya askari elfu moja: Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire waliokuwapo Tanga, askari wa King's African Rifles (KAR), mizinga ya milimani ya Wahindi, na kikosi cha kustaajabisha cha Royal Fusiliers kilichoitwa Frontiersmen, chini ya Kanali Driscoll. Hiki kilikuwa jeshi la wazee na wazururaji. Ndani yake alikuwamo Frederick Selous, mwindaji maarufu wa tembo, mwenye miaka 63. Alikuwamo pia Cherry Kearton, mpiga picha wa wanyama.

Mpango ulikuwa kushuka usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni meli zilikaribia zimezima taa, lakini walinzi waliokuwa kisiwani Musira waliziona, wakarusha fataki za ishara. Boma zima likaamka. Stewart akageuza, akasubiri kupambazuke, akawashusha watu wake kilomita chache kaskazini ya mji, chini ya genge lililosimama wima kiasi kwamba Wajerumani hawakuwa wameona haja ya kuliwekea ulinzi mkubwa. Askari walipanda wakishika majani na mawe, mizinga ikafunguliwa vipande vipande na kupandishwa kwa mabega. Walipofika juu, kilichobaki cha siku kilikuwa kupigania kilima baada ya kilima kuelekea kusini, migombani na kwenye miamba, huku walinzi wakirudi nyuma taratibu na kupiga wakiwa wamejificha. Giza liliwakuta njiani. Walilala palepale bila blanketi.

Asubuhi ya tarehe 23 mvua ya radi iliwanyeshea wote sawasawa. Kati ya vilima na mji palikuwa na kinamasi, na askari waliupita maji yakiwafika mapajani. Sasa ilidhihirika kosa la mahali alipochagua Emin: mizinga ikiwa vilimani, boma lilikuwa chini kama yai katika kiganja. Hakuna aliyejaribu kulishikilia. Walinzi waliondoka kuelekea bara, na mchana wa siku hiyo Waingereza wakaingia mjini.

Waliulipua mnara. Waliilipua ngome. Walichukua mzinga mmoja. Na kisha, kwa ombi la Driscoll, ambalo mkuu wake alilikubali, askari waliruhusiwa kupora. Waingereza wenyewe waliokuwapo ndio walioandika aibu hiyo: nyumba zilivunjwa, pombe ikanywewa, wanaume wakavaa nguo za wake za maafisa wa Kijerumani wakicheza barabarani. Vitabu vingi vya vita hivyo vinalisimulia jambo hili kwa kucheka, kama utundu wa wanajeshi. Mimi silioni la kuchekesha. Mji ule ulikuwa na watu wengine ambao hawakuwa maafisa wala wake za maafisa, na hao hawamo katika simulizi za wacheza ngoma. Jioni jeshi likapanda meli likarudi Kisumu. Selous alipandishwa cheo na kupewa nishani. Aliuawa tarehe 4 Januari 1917 kule Beho Beho, karibu na Rufiji.

Sasa tazama kilichofuata. Wajerumani walirudi Bukoba. Ngome ilikuwa kifusi, mnara umelala chini, na bado waliitawala nchi kwa mwaka mzima mwingine, wakikusanya chakula na wapagazi. Kama ngome ingekuwa ndiyo nguvu yao, wangeondoka Juni 1915. Waliondoka Juni 1916, na sababu ilitoka magharibi: Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuingia Rwanda na kushuka upande wa Biharamulo, kwa hiyo waliobaki ukingoni mwa Kagera walikuwa katika hatari ya kufungiwa njia ya kurudi Tabora. Waliacha ziwa bila vita. Tabora yenyewe ilianguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Bukoba iliamuliwa bara, kwenye mito na milima ya upande wa Karagwe, si mbele ya ngome.

Baada ya vita wakubwa walichora tena. Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji, lakini Waingereza walishika kwa muda ukanda wa Gisaka, ng'ambo ya Kagera mkabala na Karagwe, wakiota reli kutoka Rasi hadi Cairo. Reli haikujengwa na ukanda ukarudishwa Rwanda mapema miaka ya 1920. Kwa hiyo mto unaofuata ukingo wa magharibi wa Karagwe na Kyerwa umewahi kuwa mpaka, ukaacha, ukawa tena, ndani ya miaka kama kumi, na wakazi wa kingo zote mbili wakaendelea kuoana.

Miaka arobaini ya Waingereza haina mengi ya kijeshi. Badala ya ngome kukawa na ofisi, ofisi zikagawanyika, kahawa ikaleta vyama vya ushirika, na vijana wa hapa wakapelekwa Burma na KAR katika Vita vya Pili vya Dunia. Kyerwa ilichimbwa bati. Nasonga mbele.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa, waliokuwa wakimbizi Tanzania, walivuka mpaka pale Mutukula kwenda kumwondoa Idi Amin, aliyempindua. Walishindwa vibaya, na Amin akajibu kwa ndege: mabomu yaliangushwa Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata makubaliano yalitiwa saini Mogadishu, kila upande ukaahidi kujiweka mbali na mpaka. Kwa watu wa Bukoba lililobaki ni ujuzi mpya: kwamba ziwa na kilomita zile 40 si kinga tena.

Mwaka 1978 Amin alikuwa na maasi ndani ya jeshi lake na alihitaji adui wa nje. Alichokichagua ni kile kipande cha mkataba wa 1890. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa haki, na kwamba nchi yote ya kaskazini ya Kagera ni ya Uganda. Tarehe 18 Oktoba ndege zake za MiG ziliipiga Bukoba; vioo vilipasuka mji mzima na wengi wakakimbia. Tarehe 30 majeshi yake yaliingia kwa nguvu, yakateka hadi ukingo wa mto, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo ni lake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mamia ya raia waliuawa Missenyi, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda. Rais Nyerere alilihutubia Taifa tarehe 2 Novemba kwa yale maneno ya uwezo, sababu na nia ambayo mtoto wa shule ya Tanzania huyajua hata asipojua mengine ya vita hivyo.

Kwa Karagwe, Kyaka ilikuwa koo. Barabara ya kutoka Omurushaka inapokutana na ile ya Bukoba kwenda Mutukula, ni pale. Mto ulipogeuka mstari wa mbele, makutano hayo yakawa chini ya mizinga, na wilaya nzima ikajikuta na mpaka wa adui kaskazini huko Murongo na njia yake ya sokoni imekaa shabahani. Ukipita Kyaka leo utaona juu ya kilima magofu ya kanisa lililopigwa wakati ule. Hayakujengwa upya, yameachwa makusudi, kuta bila paa. Mtu anayetafuta ngome ya vita vya eneo hili na asiione Bukoba, aende akaangalie kanisa hilo.

Wanajeshi wa Tanzania walivuka Kagera, wakaikuta Missenyi imeporwa hadi mabati, wakaendelea. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Kampala tarehe 10 na 11 Aprili. Mizinga ya kurusha makombora, ile Waganda waliyoiita saba saba, ilisikika mbele kuliko askari. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto, Kagera, na wanajeshi waliokufa wakazikwa Kaboya, wilayani Muleba, ambako mashujaa hukumbukwa. Ni vema kuona jambo moja: mkoa haukuitwa Bukoba. Baada ya miaka karibu 90 ya kutawaliwa kutoka ufukweni, jina lilikwenda mahali ambapo damu ilimwagika.

Vita vilivyofuata havikuwa vyetu, lakini vilitukuta. Oktoba 1990 wapiganaji wa Rwandan Patriotic Front (RPF) waliingia Rwanda kupitia Kagitumba, kwenye pembe ambapo Uganda, Rwanda na Tanzania zinakutana, ng'ambo tu ya Kyerwa. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yaliwasukuma Wanyarwanda kuvuka mto kwa mamia ya maelfu. Wengi walikwenda Ngara, na Karagwe nayo ikapokea kambi zake, hadi waliporudishwa mwishoni mwa 1996. Kuni zilizokatwa miaka ile miwili bado zinasemwa na wazee kila mvua zikichelewa. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, ikapata mkuu wa wilaya wake na ofisi zake, na kwa mara ya kwanza tangu Emin kupita, mtu wa Kaisho hakulazimika kushuka milima kila anapotaka muhuri.

Bukoba nako, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi za zamani. Makaburi ya Wajerumani karibu na ufukwe yapo. Boma la Emin halipo.

Na mpaka wa nyuzi moja na mto Kagera unaendelea kulindwa, siku hizi kwa ajili ya kahawa. Mkulima wa Kyerwa mwenye shida ya ada ya shule huuza maua yangali mtini, biashara ambayo watu wa Kagera wanaiita butura, na aliyenunua anatafuta bei nzuri popote ilipo. Bei ya Uganda ikiwa juu kuliko ya chama cha msingi, magunia huteremka usiku hadi kingo za mto upande wa Murongo, yanavushwa kwa mitumbwi, yanapakiwa pikipiki ng'ambo. Serikali hutuma doria, hukamata, hutaifisha. Wakuu wa mkoa mmoja baada ya mwingine wamelitangazia vita jambo hilo. Mwaka ambao vyama vya ushirika vinalipa mapema na bei nzuri mnadani, mitumbwi hupungua yenyewe, na polisi wa doria hupata nafasi ya kulala.